Ulikomea Wapi?

Mpunga wa bonde la Kilombero unapoanza kujaza punje, ndege hushuka. Kwelea kwelea huja kwa makundi yanayofanana na moshi, na asubuhi moja ya uzembe inatosha kumaliza kazi ya miezi mitano. Kwa hiyo mlango wa nyumba hufungwa, masufuria na vyandarua hufungashwa, na familia nzima huhamia mashambani, kwenye vibanda vya nyasi na turubai vilivyo mbali na kijiji. Watoto huamia ndege. Hupanda dungu alfajiri, hupiga madebe, hurusha mabonge ya udongo kwa kombeo na kupaza sauti mpaka jua linazama. Shuleni, mwalimu anaita majina na kuitikiwa na kimya.

Niliamia ndege nikiwa darasa la tatu. Niliporudi, wiki saba zilikuwa zimepita na darasa lilikuwa limeshavuka kutoa kwa kuchukua. Mwalimu aliandika maswali kumi ubaoni. 52 kutoa 17, nikaandika 45. 83 kutoa 28, nikaandika 65. 71 kutoa 36, nikaandika 45 tena. Daftari lilirudi na alama kumi za kosa kwa wino mwekundu, na chini yake sifuri.

Tazama majibu yale kwa mara ya pili. Yote yana sura moja. Kila safu nilichukua tarakimu ndogo nikaitoa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Sikuwa nabahatisha. Nilikuwa na kanuni, nikaifuata kwa uaminifu kuanzia swali la kwanza hadi la kumi. Ile sifuri ilisema mtoto huyu hajui kutoa. Ukweli ni kwamba nilijua karibu kila kitu isipokuwa hatua moja, ile iliyofundishwa siku ambazo nilikuwa juu ya dungu.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi iliyochunguza kosa la namna hii hii. Walipitia hesabu za kutoa zilizofanywa na wanafunzi zaidi ya 1,300 wa Nicaragua, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya makosa ilikuwa na mpangilio. Mtoto aliyeonekana hajui kitu alikuwa anafuata hatua zake, na hatua moja ndiyo iliyopinda. Wakatengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa BUGGY: kompyuta inajifanya mwanafunzi mwenye kasoro fulani, mwalimu anaitungia maswali na kusoma majibu mpaka aitambue kasoro hiyo. Mchezo ule ulikuwa wa kumfundisha mwalimu kutazama. Karibu nusu karne baadaye, swali linaloulizwa na wanaotengeneza michezo ya kujifunzia kwenye vishikwambi ni lilelile, ila limegeuzwa: je, mchezo wenyewe unaweza kumtazama mtoto, ukatambua hatua iliyopinda, ukampa somo linalomfaa yeye na si jirani yake?

Mchezo wa namna hiyo ni dunia ya kubuni, na watu wa Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, hawahitaji maelezo marefu kuhusu dunia ya kubuni. Wanayo moja. Pale Kining'ina, nje ya mji, Taasisi ya Afya Ifakara ilijenga mabanda makubwa ya wavu, na ndani yake ikaweka vibanda vya kuishi, mimea ya bondeni na maji ya mazalia. Ni kijiji kamili, isipokuwa wakazi wake ni mbu. Mbu wa aina ya Anopheles arabiensis walizalishwa mle ndani kizazi baada ya kizazi, na watafiti wakakaa kuwatazama: anaingia nyumbani kwa upenyo upi, anatua wapi akishashiba, anafanya nini akikutana na chandarua. Mtego wa kawaida ukimnasa mbu, unakuambia kwamba mbu yupo. Kijiji cha wavu kinakuambia kwa nini alikuwa pale na alipitia wapi.

Mtihani wa karatasi unafanana na mtego. Unamnasa mtoto saa nne asubuhi, siku moja ya mwaka, na kumhesabu. Dunia ya kubuni ndani ya kishikwambi inafanana na kile kijiji. Mtoto anatembea humo, anajaribu, anafuta, anasita, anarudi nyuma, na kila mguso wa kidole chake unaacha alama. Alichagua herufi gani kwanza kabla ya kubadili? Alisubiri kwa muda gani? Aliomba msaada au aliendelea kugonga hovyo mpaka mlango ukafunguka? Valerie Shute wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida ameshughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Katika mchezo mmoja alioutengeneza na wenzake, mwanafunzi anachora mistari kwenye skrini, na mistari hiyo inageuka mteremko, wenzo au timazi, ili mpira wa kijani ufike kwenye puto jekundu. Hakuna swali lililoandikwa popote. Lakini jinsi anavyochora wenzo, na mahali anapoweka egemeo, vinaeleza anachokijua kuhusu fizikia vizuri kuliko ambavyo angeweza kukieleza kwa maneno.

Nyuma ya michezo mingi ya aina hii kuna hesabu ambayo Albert Corbett na John Anderson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, waliichapisha mwaka 1995. Kiini chake kinaelezeka kwa Kiswahili cha jikoni. Mtoto akipatia, kuna njia mbili: ama anajua, ama amebahatisha. Akikosa, kuna njia mbili pia: ama hajui, ama anajua lakini ameteleza. Kwa hiyo mashine haitakiwi kuamini jibu moja. Inaweka makadirio ya kiasi gani mtoto huyu anaelekea kuijua stadi hii, na kila jibu jipya linayasogeza juu au chini kidogo. Makadirio yakipanda vya kutosha, mtoto anapelekwa mbele. Yakibaki chini, anapewa zoezi jingine la stadi ileile, kwa sura nyingine. Kubahatisha na kuteleza: mwalimu mzuri huyapima yote mawili kichwani akimtazama mtoto usoni. Mwenye watoto 90 darasani hana nafasi ya kutazama nyuso 90.

Jambo hili limeshajaribiwa Tanzania, kwa Kiswahili, na kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, karibu watoto 3,000 wa umri wa miaka 7 hadi 11 hivi, katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga, walipewa vishikwambi. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya taasisi ya XPRIZE, yaliyogharimiwa kwa dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk, na kuendeshwa pamoja na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Google ilitoa vishikwambi. Kila kijiji kilipata kituo cha kuchajia kwa nguvu ya jua, na kina mama wa kijiji wakapewa kazi ya kukisimamia na kuwatia watoto moyo. Hapakuwa na mwalimu wala intaneti ya kutegemea. Kilichokuwepo ni mtoto, kishikwambi, na programu iliyotengenezwa na moja ya timu tano zilizofika fainali.

Ukitaka kujua ugumu wa kazi ile, tazama watoto wenyewe walivyoanza. Takwimu zilizotolewa na waandaaji zilionyesha kwamba asilimia 74 hawakuwahi kuhudhuria shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mtoto wa namna hii huwezi kumpima kwa kumwekea karatasi mbele, kwa sababu hawezi kusoma maelekezo ya mtihani. Ni lazima dunia ya kubuni izungumze, ionyeshe kwa mkono, isubiri, na ijue kwamba mtoto amekwama bila yeye kuandika kwamba amekwama.

Timu zilichukua njia tofauti. RoboTutor, ya Carnegie Mellon kulekule, ilimsikiliza mtoto akisoma kwa sauti na kujaribu kutambua maneno yake, kisha ikampandisha ngazi akifanya vizuri au kumrudisha nyuma akishindwa. Kitkit School, iliyotengenezwa na kampuni ya Enuma ya Korea Kusini na Marekani, iliegemea uzoefu wa wabunifu wa michezo waliojua namna ya kumfanya mtoto arudi tena kesho. Programu ya onebillion, shirika la Uingereza, ilimwongoza mtoto kwa sauti ya mtu anayezungumza naye kwa upole, na kumpangia njia yake mwenyewe. Chimple ilitoka India na CCI ilitoka New York. Sipuuzi jambo la sauti. Mtoto aliyekulia Handeni au Mlimba, akisikia kifaa cha thamani kubwa kikimwita kwa Kiswahili chake na kumngoja ajibu, anaambiwa jambo kuhusu nafasi yake duniani kabla hata hajajifunza herufi a.

Baada ya miezi 15, idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019, jijini Los Angeles, Kitkit School na onebillion walitangazwa washindi wa pamoja, wakagawana dola milioni 10. Programu zote tano zilitolewa bure kwa yeyote anayetaka kuzitumia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Hiyo nusu inahitaji kusomwa kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza ni jambo kubwa mno: watoto ambao nchi ilikuwa haijawafikia walijifunza kusoma maneno, wengi wao bila kukanyaga darasa. Kwa jicho la pili, nusu nyingine ilibaki pale pale baada ya mwaka mmoja na robo wa kucheza. Na hata waliofaulu, wengi walifika kwenye maneno na sentensi fupi, ambako ni mwanzo wa kusoma. Mwenye kusema kwamba mashine imemaliza kazi ya mwalimu hakuitazama nusu ile ya pili. Mimi naiona kama swali lililoachwa wazi: mashine ilijua watoto gani wamekwama, ilijua wamekwama wapi, lakini hapakuwa na mtu aliyesoma taarifa hiyo jioni ile ile na kwenda kukaa na mtoto. Kina mama wa vijiji walikuwa walezi. Hawakuwa wamepewa ufunguo wa kile ambacho kishikwambi kilikijua.

Malawi walichukua programu ya onebillion wakaipeleka ndani ya shule. Huko mtoto anatoka darasani kwa kipindi, anaingia chumba chenye vishikwambi vinavyochajiwa kwa jua, anajifunza, kisha anarudi kwa mwalimu wake. Serikali yao imeweka lengo la kuufikisha mpango huo kwenye shule zote za msingi za serikali. Sisi ndio tuliotoa uwanja wa majaribio, watoto, lugha na vijiji. Inaniuma kwamba matunda yameiva kwa jirani kabla ya kuiva kwetu.

Kwa nini bonde la Kilombero linahitaji upimaji wa aina hii kuliko sehemu nyingine? Kwa sababu ya mpunga. Darasa la mjini linatembea pamoja, hata kama wapo wanaochechemea. Darasa la kijiji cha mpunga linapasuka kila msimu. Mmoja ameondoka wiki tatu, mwingine miezi miwili, wa tatu amehamia na wazazi upande wa pili wa mto na kuanza shule nyingine katikati ya muhula. Wanaporudi, ndani ya chumba kimoja kinachoitwa darasa la nne mna watoto wa viwango vinne au vitano, na mtaala unawaambia wote wafungue ukurasa mmoja.

Jambo hili limepimwa vizuri mahali pengine. Jijini Delhi, Karthik Muralidharan, Abhijeet Singh na Alejandro Ganimian walifuatilia wanafunzi 619 wa shule za sekondari za chini, ambao baadhi yao walitumia programu ya kompyuta iitwayo Mindspark baada ya saa za shule. Kabla ya kufundisha lolote, programu iliwapima. Mwanafunzi wa kawaida wa darasa la sita alikuwa nyuma ya darasa lake kwa miaka miwili na nusu katika hisabati, na kadiri madarasa yalivyopanda ndivyo pengo lilivyopanuka. Baada ya miezi minne na nusu ya kufundishwa kuanzia pale walipokuwa kweli, waliopata programu waliwaacha mbali wenzao. Utafiti ulichapishwa mwaka 2019. Kinachonigusa ni lile pengo linalopanuka. Mtoto hakuwa mvivu kila mwaka. Alikosa hatua moja mapema, na kila mwaka ulijengwa juu ya shimo lile.

Wazo kwamba mtihani mmoja hautoshi kumwelezea mwanafunzi si geni Tanzania. Azimio la Musoma la 1974 lilikosoa ukali wa mitihani ya mwisho, na kuanzia 1976 maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi wa sekondari yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa Baraza la Mitihani. Ila kwa miaka mingi maendeleo ya kila siku yameishia kuwa mitihani mingi midogo, kila mmoja mtego mdogo, badala ya kutazama.

Bonde hili lina wanafunzi wengine pia, wakubwa, wanaovaa sare nyeupe. Ifakara ni mji wa kufundishia afya tangu zamani. Mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Rudolf Geigy, alifungua maabara hapa mwaka 1957, na miaka michache baadaye mafunzo ya wahudumu wa afya yakafuata. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko inawapokea wajawazito kutoka pande zote za mto, na tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018 hakuna tena kungoja kivuko usiku wa mafuriko ili kutoka Ulanga. Lakini mama akishavuka na mtoto akazaliwa bila kupumua, muuguzi ana kama dakika moja ya kumsaidia avute pumzi. Dakika hiyo huwezi kuifanyia mazoezi kwa mtoto wa mtu.

Ndiyo maana Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE. Mchezaji anajikuta ndani ya hospitali ya kubuni, mtoto mchanga yuko mezani, saa inakimbia. Achague kifaa kipi? Aweke kichwa vipi? Apulize hewa mara ngapi? Akikosea, mchezo unamwelekeza na kumtaka ajaribu tena. Timothy Tuti, mtafiti wa Nairobi, alilifanya swali letu kuwa kazi yake ya kisomi: je, maelekezo yanayobadilika kulingana na makosa ya mhudumu mwenyewe yanamsaidia kuliko maelekezo yanayofanana kwa wote? Alichapisha majaribio yake mwaka 2020, na washiriki wake walikuwa wahudumu wa afya waliocheza kwenye simu zao.

Tanzania tumechukua njia ya mwanasesere. Katika mpango wa Uzazi Salama uliohusisha hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale wodini, kwa mwanasesere wa mtoto mchanga aliyeunganishwa na kishikwambi. Mwanasesere ana mapafu rahisi na mapafu magumu. Mkunga akimaliza, kishikwambi kinamwonyesha alichokifanya: pumzi zilikuwa haba, barakoa ilivuja hewa, alisimama mapema mno. Yeye ndiye anayepimwa na yeye ndiye wa kwanza kuyaona matokeo. Pamoja na vifaa vipya vya kusikiliza mapigo ya moyo na utaratibu wa kujitathmini, mpango ule ulifuatilia wajawazito na watoto wao karibu 300,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40. Hayo ndiyo matunda ya kupima kunakorudi kwa anayepimwa. Matokeo hayakwenda Dodoma kwanza. Yalibaki mkononi mwa mkunga, akarudia zoezi kesho yake.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa michezo hii hulisema kwa fahari na mimi linanitia wasiwasi. Wanaliita upimaji wa kimyakimya: mtoto anapimwa bila kuhisi kwamba anapimwa. Kwa upande wa hofu ya mtihani, hilo ni baraka. Mtoto anayekosea mbele ya skrini hachekwi na darasa. Lakini yule mbu wa Kining'ina hakuulizwa kama anakubali kutazamwa, na mtoto si mbu. Kusita kwake, kugonga kwake hovyo, saa aliyochoka, siku aliyokata tamaa, vyote vinabaki kumbukumbu mahali fulani. Nani anavisoma? Vinakaa miaka mingapi?

Hapa nadhani bonde letu lina la kuwafundisha wengine. Tangu 1996 wahojaji wa taasisi ya Ifakara wamekuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, kila baada ya miezi kadhaa, kuandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Hata anayetaka kutega mbu chumbani kwako anakuja na fomu ya ridhaa, anaisoma kwa Kiswahili, anangoja uulize maswali, na una haki ya kusema hapana. Kina bibi wa vijijini wanaijua fomu hiyo. Na wameona kupimwa kukizaa kitu: hati punguzo ya vyandarua kwa wajawazito ilijaribiwa Kilombero mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2004 ikaanza kusambaa nchi nzima. Mtu anayejua alichopimiwa na akaona faida yake hafichi kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Ningependa kuona mzazi wa Mbingu au Mngeta akisomewa fomu kabla mwanawe hajapewa kishikwambi chenye mchezo unaomtazama, kama anavyosomewa kabla ya mtego wa mbu.

Vifaa vyenyewe si ndoto ya mbali. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Vingi vinatumika kuandalia masomo na kutuma taarifa ofisini. Kishikwambi kimoja mkononi mwa mwalimu hakiwezi kumpa kila mtoto dunia yake ya kubuni, lakini kinaweza kupokezanwa na watoto waliorudi kutoka mashambani, dakika 20 kila mmoja, wiki ya kwanza ya kurejea, na jioni mwalimu akasoma: huyu amekwama kwenye silabi, huyu anasoma aya lakini hesabu zimemshinda, huyu hana shida yoyote, aendelee. Programu za Kiswahili zipo na ni za bure.

Na pasipo na chaji wala kishikwambi, kazi bado inawezekana. Tangu 2010 wapimaji wa Uwezo wamekuwa wakikaa na mtoto mmoja mmoja nyumbani kwao, karatasi mkononi: soma silabi hizi, soma maneno haya, soma aya hii, soma hadithi hii. Anaposhindwa wanasimama, na hapo ndipo kiwango chake. Inachukua dakika chache kwa mtoto. Wahindi wa shirika la Pratham, ambao upimaji wa namna hii ulianzia kwao, walikwenda hatua zaidi: wakawapanga watoto kwa vikundi kulingana na walipofika na wakaacha kuwapanga kwa umri au darasa, kisha wakawafundisha hivyo kwa saa moja au mbili kila siku. Nikilazimika kuchagua kati ya kishikwambi ambacho taarifa zake hazisomwi na mtu na karatasi moja mkononi mwa mwalimu anayeuliza, nachukua karatasi. Dunia ya kubuni thamani yake ni kwamba haichoki kuuliza.

Yule mwalimu wangu wa sifuri alihamishwa mwisho wa muhula. Aliyekuja baada yake alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mahenge, na wiki yake ya kwanza alimwita mbele kila mtoto aliyekuwa na siku nyingi za utoro kwenye daftari la mahudhurio. Zamu yangu ilipofika nikasimama kando ya meza yake.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, baba. Ulikuwa shamba?”

“Ndiyo, mwalimu. Nilikuwa naamia ndege.”

“Haya, kaa hapa. Ulikomea wapi?”

Sikujua jibu la swali hilo. Mtoto hajui alipokomea. Anajua tu kwamba wenzake wanaelewa na yeye haelewi. Mwalimu hakungoja nijue. Aliandika 52 kutoa 17 kwenye kipande cha karatasi, akaniambia nifanye kwa sauti, ili asikie. Nikasema saba haitoki kwenye mbili, kwa hiyo mbili naitoa kwenye saba, inabaki tano. Hakucheka wala hakuandika kosa. Alifungua droo, akatoa mafungu matano ya vijiti, kila fungu vijiti kumi vilivyofungwa kwa ukindu, akaongeza vijiti viwili vilivyo huru.

“Hivi ni 52,” akasema. “Nipe 17.”

Nilimpa fungu moja. Nikaviangalia vile viwili vilivyobaki huru, nikaangalia mafungu manne, nikamwangalia yeye. Alikuwa anatazama mikono yangu, hana haraka. Nikavuta fungu moja kwangu, nikaanza kufungua ukindu.